Umefeli mtihani wa udereva Uingereza mara tatu, mara nne? Tafuta chanzo kabla hujalipia tarehe nyingine

Mara ya nne nilipofeli, mtahini alikuwa ameshashuka na mimi bado nimeshika usukani, gari limezimwa nje ya kituo cha mtihani. Mwalimu alikuja upande wangu, akafungua mlango, akasema, "Sogea dada, nina mwanafunzi saa tano." Hakuuliza nimefeli kwa kosa gani. Njia nzima ya kurudi aliongea na simu, na aliponishusha akaniambia, "Weka tarehe nyingine, utafaulu tu."

Nilikuwa nimeendesha gari Dar es Salaam miaka tisa, mvua na jua. Hapa nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na kwa kukosa leseni nilikuwa napewa zamu chache, zile za nyumba ninazoweza kufika kwa miguu. Kila nikifeli zinaondoka pauni 62 za mtihani, pesa ya gari la mwalimu kwa siku hiyo, halafu wiki nyingi za kusubiri tarehe. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nililipia mtihani wa pili, wa tatu na wa nne bila kujua kilichoniangusha kwenye wa kwanza. Kosa nililijua, liliandikwa. Chanzo chake sikukijua.

Haya ninayoandika yanahusu England, Scotland na Wales. Ireland Kaskazini wana mamlaka yao na taratibu zao. Kwa wanaofika sasa: leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uwe mkazi, basi. Nchi zetu hazimo kwenye orodha ya zile ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja, kwa hiyo hata kama uliendesha lori la mizigo kutoka bandarini mpaka Tunduma, hapa unaanza na leseni ya mwanafunzi, nadharia, kisha barabarani.

Anza na ripoti ya matokeo

Matokeo huja kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Wengi tunaona neno la kufeli, tunafunga simu, hatuirudii tena. Irudie. Makosa yamegawanywa mafungu matatu: madogo, makubwa, na ya hatari. Madogo unaruhusiwa mpaka 15. La kumi na sita linakufelisha. Kosa kubwa moja au la hatari moja linakufelisha hata kama dakika nyingine zote uliendesha bila doa. Na kosa dogo ukilirudia rudia linaweza kuhesabiwa kubwa, kwa sababu limeshakuwa tabia.

Angalia kwanza umeangushwa na lipi. Mtu mwenye makosa madogo matatu na kosa kubwa moja ana shida tofauti kabisa na mwenye madogo kumi na nane. Wa kwanza ana tundu moja la kuziba. Wa pili bado hajaiva, na hakuna ujanja wa siku ya mtihani utakaomsaidia zaidi ya saa nyingi barabarani. Mamlaka ya mitihani yenyewe, DVSA, inasema mwanafunzi kwa wastani hutumia saa 45 za masomo na saa nyingine 22 za mazoezi. Nilipolisoma hilo nilikuwa na saa kumi na moja. Nilihesabu miaka yangu ya Dar kama masomo, na hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Sasa ngoja nikuonyeshe kwa nini kusoma kosa peke yake hakutoshi. Chukua lile linalowaangusha watu wengi kuliko yote nchini: kutotazama vizuri kwenye makutano. Nyuma ya maneno hayo kunaweza kuwa na watu wanne. Mmoja hakutazama kabisa. Mwingine alitazama, lakini akiwa ameshaingiza pua ya gari barabarani. Wa tatu alitazama kwa wakati, akaliona gari linakuja, akakadiria vibaya kasi yake akaingia. Wa nne alitazama mahali ambapo hapaonekani kitu, pamezibwa na magari yaliyopaki, badala ya kusogea taratibu mpaka aone. Ripoti ya wote wanne imeandikwa vilevile. Dawa zao haziingiliani hata kidogo: wa kwanza anahitaji mazoea, wa pili apunguze kasi mapema, wa tatu afundishwe kukadiria, wa nne afundishwe kuchungulia kwa gari. Mwalimu anayewaambia wote wanne "uwe unatazama" hajafundisha chochote.

Kwa hiyo siku hiyo hiyo, kabla hujalala, chukua daftari uandike sekunde kumi kabla ya kosa. Ulikuwa gia ya ngapi, macho yalikuwa wapi, mguu ulikuwa juu ya nini, ulikuwa unawaza nini. Baada ya siku mbili utakuwa umeshajitungia hadithi nyingine. Mimi nilikuwa nasema "mtahini alikuwa mkali," na ukweli ni kwamba sikukumbuka tena nilichofanya.

Dalili: kosa lile lile kila mtihani

Hii ndiyo yangu, na ndiyo ya wengi waliotoka nyumbani wakijua gari. Mara tatu kati ya nne niliangushwa na kuondoa gari pembeni bila kugeuza shingo kutazama begani kulia. Mara ya tatu mwendesha baiskeli alikuwa pale pale, sambamba na mlango wa nyuma, mahali ambapo kioo hakimwonyeshi. Mtahini alikanyaga breki ya upande wake. Nakumbuka koti la njano likipita dirishani, karibu kiasi kwamba niliona mshono wa mkono wake.

Miezi yote ile nilikuwa najiambia nasahau. Siyo kusahau. Dar hufundishwi kutazama begani, unafundishwa kuchukua nafasi. Unawasha indiketa, unaingiza pua, wa nyuma anapunguza. Kwenye daladala konda anapiga bodi mara mbili na dereva anaondoka kwa sikio lake. Mikono yangu ilikuwa imeshajifunza mpangilio mmoja kwa miaka tisa: gia, indiketa, klachi, twende. Shingo haikuwemo kwenye mpangilio huo. Ukisubiri kuikumbuka wakati moyo unadunda, huikumbuki.

Kilichonisaidia ni kuvunja mpangilio wenyewe. Kwa wiki tatu sikugusa indiketa kabla sijasema kwa sauti: "Kioo cha ndani, kioo cha kulia, begani." Nasema, nafanya, ndipo indiketa kama kuna mtu wa kuiona, natazama tena, naondoka. Hata nikiwa abiria kwenye gari la shemeji nilikuwa nageuza shingo kila anapoondoka, mpaka watoto wakazoea. Kwenye mtihani utasimamishwa pembeni na kuambiwa uondoke zaidi ya mara moja, kwa hiyo kosa hili halina pa kujificha.

Tabia nyingine za nyumbani nilizoziona kwangu na kwa wenzangu: kutoa gia mteremkoni ili kuokoa mafuta, ambako hapa kunahesabika kuwa umepunguza uwezo wako wa kulimudu gari. Kumulika taa kumwambia mwenzio "pita" au "napita mimi." Kukaribia zebra kwa kasi ile ile ukitegemea mtu arudi nyuma. Tangu Januari 29, 2022 sheria za barabarani zinataka hata unapokata kona kuingia barabara ya pembeni umpishe mtu anayesubiri kuvuka kwenye mdomo wa barabara hiyo, zebra iwepo isiwepo. Na ukimpita mwendesha baiskeli kwa kasi isiyozidi maili 30 kwa saa, muachie angalau mita moja na nusu.

Kuhusu vioo kuna ushauri unaozunguka kwamba ugeuze kichwa kwa nguvu ili mtahini aone. Siupendi. Mtahini ana kioo chake na kazi yake ni kukutazama, macho yako anayaona. Anachokiandika ni pale unapotazama kioo, ukaona pikipiki inakuja kukupita, na bado ukahama leni.

Dalili: kila mtihani unafeli kwa kosa jipya

Leo alama ya kasi, kesho leni, keshokutwa taa. Mtu anajiona ana mikosi. Mara nyingi chanzo ni kimoja: unazijua barabara, kuendesha bado hujakujua. Mwalimu amekuzungusha njia zile zile karibu na kituo cha mtihani mpaka umezikariri. Unapunguza kasi pale kwa sababu siku zote mnapunguza pale, wala hujaona kibao. Siku ya mtihani mtahini anakata kona moja ambayo hamkuwahi kuikata, na kuanzia hapo wewe ni mgeni.

Jipime hivi: mwambie mwalimu au anayekusindikiza akupeleke mji wa jirani ambao hujawahi kufika, na uongozwe na kifaa cha ramani peke yake. Ukifika salama bila yeye kufungua mdomo, chanzo kiko kwingine. Ukiwa umeloa jasho na umerukia leni mara tatu, umekipata.

Na hapa kuna jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema. Sehemu kubwa ya mtihani unaendesha kwa kufuata kifaa cha ramani cha mtahini au vibao, na kukosea njia si kosa. Mtihani wangu wa pili, kwenye kipilefti kikubwa chenye leni tatu, nilikuwa leni ya kushoto nikagundua natakiwa kutokea kulia. Nikakata leni mbili kwa mkupuo. Hilo ndilo lililonifelisha. Ningeendelea kushoto nikatokea kusikotakiwa, mtahini angenirudisha njiani na nisingeandikiwa hata kosa dogo, mradi nimetoka salama na indiketa yangu ikisema ukweli.

Dalili: kwenye masomo safi, siku ya mtihani gari linazima

Tazama miguu ya mwalimu. Magari mengi ya kujifunzia yana breki na klachi upande wa abiria pia. Yapo pale kwa usalama, lakini mwalimu aliyechoka huyatumia kuokoa muda. Gari linataka kuzima mlimani, yeye anagusa klachi kidogo, linaondoka, na wewe unadhani umeweza. Unaingia kwenye makutano kwa kasi, anagusa breki, unadhani umepunguza. Miezi inapita umebebwa bila kujua.

Nililigundua hili siku shemeji yangu aliponipa gari lake kufanya mazoezi. Mlima ule ule niliokuwa naupanda kila Jumanne na mwalimu, gari la shemeji lilizima mara nne. Nilishika usukani nikakaa kimya. Shemeji, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniambia, "Achia klachi polepole mpaka uhisi gari linataka kwenda, halafu subiri. Usikimbie." Dakika ishirini pale mlimani zilinifundisha kuliko saa kumi na moja zilizotangulia, kwa sababu hapakuwa na mguu mwingine.

Omba hivi, kwa adabu na bila kuzunguka: "Mwalimu, leo naomba uweke miguu chini kabisa mbali na pedali, isipokuwa kukiwa na hatari. Na ukigusa, niambie umegusa na kwa nini." Mwalimu mzuri atafurahi. Ukiona anakasirika, hilo nalo ni jibu.

Kuzima gari mara moja kwenye mtihani, mahali salama, kwa kawaida ni kosa dogo. Kinachoua ni kinachofuata: mtu anapaniki, anawasha gari likiwa kwenye gia, linaruka mbele. Zoeza kuwasha upya kama unavyozoeza kupaki. Hendibreki, klachi, washa, tazama pande zote tena, ondoka. Kama klachi inakushinda kabisa na kazi yako haihitaji gari la gia za mkono, fanya mtihani kwa gari la otomatiki. Utapata leseni ya otomatiki tu, lakini ni leseni.

Dalili: umefeli kwa kwenda polepole

Watu hawaamini, lakini ipo. Ukitembea maili 20 kwenye barabara ya 30 bila sababu, au ukisimama kwenye kipilefti kilicho wazi ukisubiri kiwe wazi zaidi, utaandikiwa. Kwetu sisi chanzo kimoja ni namba. Ubongo wetu unawaza kilomita. Maili 30 ni karibu kilomita 48, na maili 60 za barabara ya nje ya mji ni karibu kilomita 97, kasi inayotisha kwenye barabara nyembamba yenye ua wa miti pande zote. Pita hapo na mtu mzoefu mchana, mara kadhaa, mpaka mwili uzoee. Huko Wales kuwa makini kinyume chake: tangu Septemba 17, 2023 barabara nyingi za makazi zilizokuwa za maili 30 zimeshuka kuwa 20.

Chanzo kingine ni mwalimu aliyekuzoesha kusubiri ruhusa. "Ngoja... ngoja... nenda." Ukiwa na mtahini hakuna anayesema nenda. Mwombe mwalimu anyamaze kwenye vipilefti vitano mfululizo na akuambie mwishoni ni mianya mingapi umeiacha ipite.

Dalili: ulisikia, lakini hukuelewa

Wakalimani hawaruhusiwi tangu 2014, kwenye nadharia wala barabarani. Mtahini anatoa maelekezo kwa Kiingereza, kwa maneno yale yale karibu kila mara. Kama mwalimu wako anafundisha kwa Kiswahili, ni raha, nami niliipenda, lakini mwezi wa mwisho aseme kila elekezo kwa Kiingereza cha mtahini. Unaruhusiwa kuomba arudie. Kuomba si kosa. Nilikaa kimya mtihani wa kwanza mzima kwa kuona haya.

Dalili: unajua kila kitu, presha inakumaliza

Sitasema mengi, kwa sababu nimeona presha ikisingiziwa mambo ambayo dawa yake ilikuwa mazoezi. Kama umewahi kufanya mtihani wa majaribio na mtu usiyemzoea ukafaulu, halafu wa kweli ukafeli, basi ndiyo, ni presha. Kama hujawahi, hujui bado. Kwa mwenye presha ya kweli, kubwa ni hili: ukikosea katikati ya mtihani usijihukumu. Hujui ameandika nini. Mwenzangu mmoja kazini alipanda ukingo wa barabara kidogo wakati wa kupaki, akaamini kwamba yamekwisha, akaacha kutazama vioo. Ripoti ikaonyesha ule ukingo ulikuwa kosa dogo. Lililomfelisha lilitokea dakika kumi baadaye.

Mwalimu mwenyewe ndiye tatizo?

Hili lilinichukua muda mrefu kulikubali, na nadhani wengi wetu ni hivyo. Tumelelewa kumheshimu mwalimu. Wangu alikuwa mtu wa nyumbani, anafundisha kwa Kiswahili, nilimpata kupitia watu wa msikitini, na nilikuwa nimemlipa saa kumi mbele. Kumhoji niliona kama kumvunjia heshima yeye na walionileta kwake. Kwa hiyo alipokuwa anasimama dukani kununua vocha ndani ya saa yangu, nilinyamaza. Alipochelewa robo saa na kumaliza kwa wakati ule ule, nilinyamaza. Alipopiga dashibodi na kusema, "Dada, mbona huelewi?" niliomba msamaha.

Anza na kibandiko kwenye kioo cha mbele. Mwalimu aliyesajiliwa kamili ana beji ya kijani yenye pembe nane. Anayejifunza kufundisha ana ya pinki, ya pembetatu, na huyo naye anaruhusiwa kulipwa. Asiye na yoyote anayechukua pesa yako anavunja sheria, hata awe ndugu yako. Beji ya pinki si sababu ya kumkimbia mtu, lakini ni haki yako kujua unamlipa nani.

Halafu pima masomo yenyewe. Mwisho wa saa, je, unaweza kusema umejifunza nini leo na wiki ijayo mnafanya nini? Akikurekebisha, anakuambia kilichotokea na kwa nini, au anapaza sauti tu? Baada ya kufeli, aliomba kuiona ripoti? Mwalimu anaruhusiwa kukaa kiti cha nyuma wakati wa mtihani ukitaka, bila kusema neno, na kusikiliza maelezo ya mtahini mwishoni. Wangu alikataa mara zote nne, akisema mtahini hapendi. Si kweli, DVSA wenyewe wanahimiza jambo hilo.

Kabla ya kumwacha, zungumza naye mara moja. Mimi nilimwambia, gari likiwa limesimama, "Kaka, naomba tuongee kabla hatujaanza. Nimefeli mara tatu kwa kuondoka bila kutazama begani. Naomba wiki mbili tufanye hilo tu, na simu iwe imezimwa." Akajibu, "Dada yangu, wewe tatizo lako ni woga tu." Kisha akawasha redio. Nilimaliza saa ile, nikashuka, na jioni nikamwandikia ujumbe wa shukrani na wa kusimamisha masomo, nikimwomba arudishe pesa ya saa nne zilizobaki. Kwa maandishi, tarehe na kiasi. Alirudisha za saa mbili. Nilizichukua nikaenda zangu, ingawa ningeweza kudai zaidi: kwa ugomvi wa pesa kuna ushauri wa bure Citizens Advice, na kwa mwenendo wa mwalimu malalamiko hupelekwa DVSA baada ya kuzungumza naye au na shule yake.

Kuna mambo ambayo hayahitaji mazungumzo kwanza. Akikugusa isivyo, akikuandikia meseji za usiku, akikuuliza mambo ya mwili wako au ndoa yako, shuka kwenye gari hilo na usirudi. Ripoti DVSA, na ikibidi polisi. Kuwa mtu wa nyumbani hakumpi ruhusa.

Lakini niseme na upande wa pili kwa haki. Walimu wawili tofauti wakikuambia hujaiva, hujaiva. Nimeona watu wanabadilisha mwalimu kila mwezi wakitafuta atakayewaambia wako tayari, na mwalimu anayekuzuia usiende mtihanini huenda ndiye pekee asiyeitaka pesa yako ya haraka.

Kabla ya kulipia tarehe nyingine

Lazima zipite siku 10 za kazi kabla ya mtihani mwingine, na foleni kwa kawaida ni ndefu kuliko hapo. Weka tarehe mwenyewe kwenye tovuti ya serikali kwa pauni 62, au 75 kwa jioni na mwisho wa wiki. Madalali wanaouza tarehe kwa mamia ya pauni wanakula shida ya watu. Angalia cheti chako cha nadharia kinaisha lini, maana kinadumu miaka miwili, na kikiisha unarudi kwenye maswali 50 na video za hatari upya.

Wakati unasubiri, tafuta gari la mazoezi. Anayekaa pembeni yako awe na umri wa miaka 21 au zaidi, awe na leseni kamili kwa miaka mitatu, gari liwe na bima inayokutaja wewe na vibao vya L mbele na nyuma. Halafu mlipe mwalimu usiyemjua kwa mtihani mmoja wa majaribio, dakika arobaini, bila mazungumzo. Huyo ndiye atakayekuonyesha ulicho nacho kweli. Wangu alikuwa mama wa makamo, mkimya. Tulipomaliza alizima gari, akachukua kalamu, akachora duara kwenye karatasi na nukta moja nyuma ya bega la kulia, akaniuliza, "Hapa, unaona nini?" Nikamwambia, sioni kitu. Akasema, "Sawa. Tuanzie hapo."

Nilifanya naye saa sita. Siku ya mtihani wa tano alikaa nyuma. Nilibeba leseni yangu ya mwanafunzi, maana bila hiyo mtihani unafutwa na pesa inapotea, na miwani yangu, kwa sababu kabla ya yote unasoma namba ya gari lililo umbali wa mita 20. Mtahini alinisimamisha pembeni mara kadhaa, na kila mara nilisema midomoni kwa sauti ya chini: kioo, kioo, begani. Mara ya pili palikuwa na baiskeli. Nilisubiri ikapita, nikatazama tena, nikaondoka.

Makosa madogo saba. Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, niliendesha peke yangu kwenda kwa bibi ninayemhudumia nje kidogo ya mji, nyumba ambayo basi halifiki.